Kuiona kamera ya ghala Kibirizi hata IP ikibadilika

Una ghala la dagaa pale Kibirizi, Kigoma, mwenyewe uko Tabora kwa wateja, na unataka kufungua simu uone mlango wako. Kinachokwamisha ni kwamba umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi ruta hupewa IP nyingine (namba ya anwani yake kwenye intaneti), na ile uliyoihifadhi haifiki popote. DNS badilifu inakupa jina moja la kudumu, na programu ndogo hulifuatisha na IP ya wakati huo.

Kwanza pima, tafadhali usiruke. Fungua ukurasa wa ruta, soma IP ya upande wa intaneti. Kisha kwenye kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo hiyo andika `curl ifconfig.me`. Namba zikilingana, endelea. Zisipolingana, hasa ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewakusanya wateja wengi nyuma ya IP moja. Intaneti ya laini za simu huwa hivyo sana. Hapo omba kwao IP ya umma kwanza. Kama kazi hii unamfanyia mteja, mwambie aombe yeye, na usimtoze hata shilingi kabla ya hapo.

Jisajili DuckDNS, tovuti inayotoa majina hayo ya DNS badilifu, ni bure, uchague jina. Utapewa tokeni, yaani mfuatano wa herufi na namba unaokutambulisha, itunze kama namba ya siri ya pesa za simu.

Kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), au kompyuta yoyote ya Linux isiyozimwa, tengeneza faili `duck.sh` lenye mstari huu:

`curl -s -o ~/duck.log "https://www.duckdns.org/update?domains=jinalako&token=tokeniyako&ip="`

Baada ya `ip=` acha tupu, DuckDNS wataisoma wenyewe. Alama za kunukuu ni lazima: bila hizo, amri inakatikia kwenye `&` ya kwanza na tokeni haifiki.

Andika `chmod 700 duck.sh`, kisha `sh duck.sh`, kisha `cat duck.log`. Ukiona OK, imekubali. KO maana yake jina au tokeni imekosewa.

Fungua `crontab -e`, ratiba ya kazi za kujirudia ya Linux, ongeza:

`*/5 * * * * sh ~/duck.sh`

Itajirudia kila dakika 5.

Poti ya kamera, yaani mlango wake wa mtandao, usiifungue kwa dunia nzima. Wapo wanaozisaka usiku na mchana. Weka WireGuard, programu ya VPN inayokupa njia ya siri kutoka simu hadi mtandao wa ghala, kwenye Pi, ipe Pi IP ya ndani isiyobadilika, na kwenye ruta elekeza poti 51820 ya UDP peke yake. Kwenye simu, mahali pa anwani ya seva weka jina lako la DuckDNS. IP ikibadilika ukiwa hewani, zima WireGuard ya simu uiwashe tena, kwa sababu kwa kawaida husoma jina inapoanza tu.