Kulala Mwamgongo: namna ya kuvifikia vijiji vya Ziwa Tanganyika kwa boti ya abiria

Likizo yangu huanza saa sita mchana, ufukweni Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga la mtu mwingine. Mwenye gunia akifika husema, "Kaa tu, dada," kisha anajitafutia pake pa kukaa. Nimezaliwa Ujiji, nafanya kazi ya uuguzi Dodoma, na kila mwaka nikipata siku kumi za mapumziko nazigawa hivi: mbili za kusalimia nyumbani, zilizobaki za ziwani. Wenzangu wa zamu wameniuliza mara nyingi naendaje, nalala wapi, nakula nini. Nawaandikia hapa, na yeyote mwingine anayetaka kupumzika kweli.

Tuanze na boti. Kigoma unaweza kukodi boti nzima ikupeleke na kukusubiri. Kama huna watoto wadogo wala mgonjwa, sikushauri, na sababu si bei peke yake. Ukishuka kijijini kutoka boti ya kukodi unapokewa kama mkaguzi: watoto wanakukimbilia, wazee wanasimama kando wakingoja kujua umeleta jambo gani. Ukishuka boti ya abiria umeshajulikana kabla mguu haujagusa mchanga. Mama uliyekaa naye ameshakuuliza wewe ni wa nani, umeolewa wapi, unakwenda kwa nani. Ukimjibu "siendi kwa mtu, nakuja kupumzika tu," atashangaa kidogo, kisha atakupangia.

Boti hizi ni za mbao, ndefu, zina injini nyuma na pengine turubai juu. Huondoka Kibirizi mchana, kati ya saa sita na saa nane, zikishajaa. Zinapanda kaskazini zikiufuata ufuko: Kalalangabo, Mtanga, kisha Hifadhi ya Gombe, kisha Mwamgongo, mpaka Kagunga kwenye mpaka wa Burundi. Mpaka Mwamgongo hesabu saa tatu au zaidi, kwa maana kila kijiji kuna wa kushuka na mizigo ya kushusha. Za kurudi hupita alfajiri na asubuhi, kwa hiyo saa kumi na mbili uwe ufukweni na begi lako. Jumapili usitegemee usafiri. Nauli uliza siku hiyohiyo, uwe na noti ndogondogo. Na ubaki na siku moja ya akiba kabla ya siku ya kurudi kazini, kwa sababu ziwa likichafuka hakuna nahodha mwenye akili atakayeondoka.

Kaa upande wa kulia wakati wa kwenda. Ufuko wote uko upande huo, na jua la alasiri liko kushoto kwako, juu ya Kongo. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusi una nguvu: ukienda unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni na maji yanakurukia. Ndiyo maana safari ya kurudi ni ya asubuhi, ziwa likiwa bado limelala. Wakati wa masika kuna radi na dhoruba za ghafla. Mimi napenda Septemba. Moshi wa mioto ya porini huficha milima ya Kongo, hilo ni kweli, lakini maji yametulia na usiku si wa baridi. Anayetaka kuiona milima hiyo vizuri aje baada ya mvua za kwanza kuosha hewa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana Tanganyika si bwawa. Lina kina cha karibu mita 1,470, na duniani ni Baikal tu linalolizidi kwa kina. Kabla hujapanda, simama pembeni utazame mbao: kati ya maji na ukingo wa boti pamebaki kiasi gani? Ikiwa ni shubiri moja, shuka hata kama umeshalipa. Omba jaketi okozi, ulivae, usilikalie kama mto. Muulize fundi kama kuna kasia na mashine ya akiba. Mwaka mmoja nilipanda boti ndogo bila kuuliza. Mashine ikazima tukiwa mbali na ufuko, hapakuwa na kasia hata moja, tukapelekwa na maji hadi jua likazama. Wavuvi waliokuwa wanatoka na taa zao ndio waliotufunga kamba na kutuvuta. Tangu siku hiyo nauliza kwa sauti, kila mtu asikie, na abiria wengine hunishukuru.

Ukipita Mtanga tazama vilima. Mpaka pale vimelimwa na kukatwa, vimebaki na nyasi, mihogo na michikichi hapa na pale. Ghafla msitu unaanza, umekatwa kama kwa rula. Hapo umeingia Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Ukishuka Kasekela, kituo cha hifadhi hiyo, utalipa kiingilio cha hifadhi, na inafaa kabisa ukiwa na nafasi. Kama nia yako ni vijiji, baki ndani ya boti. Nyani utawaona wakitembea ufukweni, na Mwamgongo iko mara tu msitu unapoisha.

Ukishuka, usianze kupiga picha. Uliza nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji au ofisini kwa mtendaji, uende moja kwa moja, ujitambulishe na kuandika kitabu cha wageni. Beba kitambulisho cha NIDA, maana huku ni mpakani na maofisa wa uhamiaji wana haki ya kukuuliza. Hii ndiyo pia njia ya kupata pa kulala. Usitegemee hoteli, kuna chumba kwa familia fulani, na mwenyekiti anaijua. Elewaneni malipo mapema, kwa adabu, na mwenye kupewa fedha awe mama wa nyumba. Wazee wape shikamoo na usikimbilie kuondoka, maana salamu za Waha, wenyeji wa huku, ni ndefu: watakuuliza ulivyolala, ulivyosafiri, uliowaacha nyumbani. Asubuhi ukisema "mwakeye" utaona nyuso zinavyofunguka.

Chakula hakina shida ukikubali cha pale. Ugali wa muhogo, samaki aina ya mgebuka wa kukaanga, maragwe yenye mawese mekundu, dagaa. Ukimpata kuhe, samaki mkubwa wa ziwa hili, mwombe mwenyeji akuchomee, usithubutu kumkaanga. Pika au kula na familia. Nenda na sukari, majani ya chai na sabuni kama zawadi. Maji ya kunywa yachemshwe, bila mjadala. Mwezi Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kipindupindu kiliua watu, na wengi walisafirishwa hadi Kigoma kwa MV Liemba, meli iliyounganishwa Kigoma wakati wa Wajerumani. Kijiji kile ni kizuri, nakipenda, ila nikiwa pale birika haliondoki jikoni.

Kuoga ziwani, waulize akina mama wanaofua. Wao wanajua mahali mamba alipoonekana. Chagua penye kokoto na mawimbi, epuka penye matete na maji yaliyotuama, kwani konokono wa kichocho hukaa huko. Ukirudi mjini, baada ya miezi miwili hivi, nenda kapime, hata kama hujisikii chochote. Dawa ipo na inatibu.

Jambo ninalolifuata mimi hasa ni dagaa, kwa hiyo napanga likizo kwa kuangalia mwezi. Uvuvi wa taa ni wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti kitu, wavuvi wanashona nyavu na kijiji kinalala mapema. Ukitaka ukimya mtupu, nenda wakati huo. Ukitaka kuona kazi, nenda siku za giza. Jambo jingine la kuuliza kabla ya safari ni kama ziwa limefungwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nilipofika Juni ile, mchanga ulikuwa mtupu na dagaa wa kula hatukuwapata.

Siku za giza, jua likizama, boti zinatoka moja moja zikiwa na taa. Saa mbili usiku ukiketi ukutani kwa mwenyeji wako utaona mstari wa taa ziwani, kama mji mwingine umejengwa huko. Utotoni mwangu zilikuwa karabai zinazovuma. Siku hizi ni za betri na sola, nyeupe zaidi, kimya. Alfajiri zinarudi. Wanaume wanashusha, akina mama wanapimiwa kwa ndoo, na mara jua likishika mchanga dagaa wanamwagwa.

Mara ya mwisho nilikaa na bibi mmoja aliyekuwa anaanika. Alichota dagaa kwa sahani ya bati, akazungusha mkono mara moja, wakatawanyika kwa usawa bila mmoja kumlalia mwenzake. Nilijaribu, wangu wakaangukia rundo moja. Akanishika kiwiko: "Usitupe, mwanangu. Waachie." Tulifanya hivyo mpaka saa tatu, yeye akifukuza kunguru kwa fimbo ndefu yenye mfuko wa plastiki mwishoni. Walipoanza kukauka walibadilika kutoka fedha kuwa kijivu, na ukiwageuza kwa fagio walitoa sauti kama mvua nyepesi juu ya bati. Dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka bei inaanguka, kwa hiyo kila baada ya dakika chache bibi aliinua macho kutazama juu ya Kongo, mvua inakotokea.

Boti ya Kibirizi ilikuwa imeshapita tangu alfajiri. Nilikuwa nimeisikia nikiwa kitandani, nikageuka upande wa pili. Bibi alinipa fimbo ya kunguru, akaenda kuchemsha chai.