Kuishi na kuwekeza kijijini Java: anza kwa mwenyekiti wa RT, dalali baadaye

Wengi wanaoniuliza kuhusu Indonesia huanza na kiwanja: bei gani, nani anauza, naweza kujenga vyumba vya wageni? Ninaishi kisiwani Java, huko Gunungkidul, wilaya ya vilima vya mawe ya chokaa kusini-mashariki mwa jiji la Yogyakarta, kijijini kwao mke wangu, na ushauri wangu haubadiliki: kiwanja kije mwisho. Kijiji cha Java kinaendeshwa na majirani, kuanzia kikundi kidogo cha kaya kiitwacho RT. Ukiingiza pesa kabla hujajulikana, siku mambo yakiharibika hutakuwa na shahidi. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Karatasi na safari

Visa ya kulipia uwanja wa ndege ni rupia 500,000, inakupa siku 30 na huongezwa mara moja kwa siku 30 nyingine. Si kila pasipoti inaikubalia, kwa hiyo hakikisha kwanza kwenye tovuti ya uhamiaji ya evisa.imigrasi.go.id. Visa hiyo haikuruhusu kufanya kazi, hata ya kupokea wageni kwenye nyumba ya rafiki. Ukizidisha siku, faini ni rupia milioni 1 kwa kila siku. Anayefanya kazi kwa mtandao na kulipwa na kampuni ya nje anaweza kuomba visa ya E33G, ila anatakiwa kuonyesha kipato cha dola 60,000 kwa mwaka. Beba na kadi ya manjano ya chanjo.

Kutoka Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi wengi hupitia Doha au Dubai hadi Jakarta. Ukifika hapo panda treni, tena ya mchana. Za bei nafuu hutoka stesheni ya Pasar Senen, za bei ya juu Gambir, na utafika Yogyakarta kwa saa 6 hadi 8 huku ukitazama mashamba ya mpunga. Tiketi hukatwa kwenye programu ya Access by KAI kwa namba ya pasipoti.

Hatua ya 2: Piga hodi kwa mwenyekiti wa RT

Karibu kila kijiji kina kibao kinachosema mgeni lazima aripoti ndani ya saa 24. Kichukulie kwa uzito. RT ni kundi dogo la kaya zinazopakana, juu yake kuna RW, yaani muungano wa RT kadhaa, kisha kitongoji, kisha kijiji. Aliyekulia Tanzania atauelewa mfumo huu mara moja, kwa sababu mwenyekiti wa RT ni kama mjumbe wetu wa nyumba kumi: hana mshahara wa maana, lakini bila yeye hupati barua yoyote.

Nenda jioni baada ya Magharibi, ukiwa na nakala ya pasipoti na zawadi ndogo kama sukari na majani ya chai. Simama mlangoni, sema "kulo nuwun", usubiri waseme "monggo". Vua viatu. Toa na pokea kwa mkono wa kulia. Chai ikiletwa, usiinywe mpaka mwenyeji akukaribishe, hata kama una kiu ya safari. Mwite Pak RT na mkewe Bu RT. Majina yao utayajua baadaye.

Hatua ya 3: Panga nyumba, upitishe kiangazi kizima

Nyumba za vijijini hupangishwa kwa mwaka, na kodi hulipwa yote mwanzoni. Usisaini chochote kirefu zaidi ya hapo.

Kiangazi ndicho kitakachokuonyesha kijiji. Mvua ya Gunungkidul huzama kwenye mawe na kupotelea mapangoni, kwa hiyo miezi ya katikati ya mwaka visima hukauka na magari ya maji hupanda vilimani kuuza lita 5,000 kwa tangi. Nyumba inayopendeza mwezi Februari inaweza kukutoa jasho Septemba. Muulize jirani, wala usimuulize mwenye nyumba: mwaka jana walinunua matangi mangapi?

Kagua pia ukuta. Tetemeko la tarehe 27 Mei 2006 liliua watu zaidi ya 5,700 katika eneo la Yogyakarta na Java ya Kati, wengi wakiangukiwa na nyumba za matofali zisizo na nondo. Tafuta nguzo za zege kwenye kila pembe na mkanda wa zege juu ya kuta. Kama hazipo, tafuta nyumba nyingine hata kama bei ni nzuri. Umeme hautakusumbua: unanunua namba ya tarakimu 20 na kuiingiza kwenye mita, kama LUKU.

Chakula nacho utakizoea upesi. Muhogo hapa humenywa, huanikwa na kutwangwa vilevile kama makopa, kisha unga wake hupikwa kwa mvuke na kuitwa tiwul. Kwa samaki na pilipili, mtu wa Mtwara au Kigoma atajisikia nyumbani.

Hatua ya 4: Ingia kwenye zamu

Hapa ndipo wageni wenye pesa hukosea, wakidhani mchango wa fedha unatosha. Omba zamu ya ronda, ulinzi wa usiku. Wanaume kadhaa hukaa kwenye kibanda chenye gogo la kugonga wakati wa hatari, wakivuta sigara za karafuu (viwanda vya sigara hizo viliwahi kuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu ya Zanzibar). Baadaye huzunguka nyumba kwa nyumba. Kwenye kila ukuta wa mbele kumening'inia kikopo cha plastiki, na ndani yake mwenye nyumba ameweka gao dogo la mchele au sarafu chache. Mmoja anamulika tochi, mwingine anamimina mfukoni, wa tatu anaandika daftarini. Hiyo ni jimpitan, mfuko wa kitongoji wa misiba, taa za barabarani na viti vya kukodi. Kikopo kikikaa kitupu usiku kadhaa mfululizo, watabisha hodi asubuhi kuuliza kama unaumwa.

Kuna pia msaragambo wa Jumapili, ambapo unakwenda na jembe lako, na arisan, upatu wa kila mwezi ambao mara nyingi huongozwa na kina mama. Jiunge na kiwango kile kile wanachoweka wengine. Ukiweka zaidi, unawaaibisha.

Hatua ya 5: Anza na mbuzi

Uwekezaji wa kwanza ninaoupendekeza ni gaduh. Ukiwa na kibali cha kuishi, unanunua mbuzi jike, jirani anamfuga kwa nguvu zake na majani yake, na wanaozaliwa mnagawana. Kwa dume la kunenepesha, likiuzwa kabla ya Idi ya kuchinja bei inapokuwa juu, unatoa mtaji wako kwanza na faida mnaigawa nusu kwa nusu. Andikeni, hata ukurasa mmoja, mbele ya Pak RT, na msiache sentensi moja: mnyama akifa kwa ugonjwa, hasara ni ya nani? Hapa kwetu huwa ya mwenye mtaji, na naona ni haki.

Kwa kitu kikubwa zaidi, nenda Nglanggeran kwanza ukajifunze. Ni kijiji cha Gunungkidul chenye mlima wa volkano ya kale, na utalii wake unaendeshwa na wanakijiji wenyewe. Wageni walipozidi, walipandisha kiingilio. Idadi ikapungua, mapato yakapanda. Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Ukitaka kushirikiana na kijiji, uliza kuhusu BUMDes, kampuni ya kijiji inayotambuliwa na sheria ya vijiji ya mwaka 2014.

Hatua ya 6: Ardhi, sasa

Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 iko wazi: umiliki kamili, Hak Milik, ni wa raia wa Indonesia peke yake. Dalali atakwambia uandikishe kwa jina la rafiki. Kataa. Mkataba wa namna hiyo ni batili na ardhi inaweza kuchukuliwa na serikali, huku pesa yako ikiwa imekwenda.

Njia halali ni hizi. Kukodi kwa miaka kadhaa mbele ya notari ndiyo inayofaa kijijini. Haki ya matumizi, Hak Pakai, ipo kwa mgeni anayetaka nyumba ya kuishi, lakini kuna bei ya chini iliyowekwa ambayo nyumba za vijijini haziifikii. Kampuni ya kigeni inatakiwa kuwa na mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10, kiasi ambacho si cha vyumba vitatu vya wageni. Aliyeoa au kuolewa na Mwindonesia ahakikishe kuna mkataba wa kutenganisha mali. Bila huo, mwenzi wako naye hukwama kununua. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2016, mkataba huo unaweza kufungwa hata baada ya ndoa.

Kabla ya kulipa, mpe ofisa wa hati, PPAT, aikague hati kwenye ofisi ya ardhi. Karatasi ya girik au letter C ni kumbukumbu ya kodi tu, haikupi umiliki. Uliza kama ni shamba la mpunga linalolindwa kisheria, na kama ni ardhi ya kijiji au ya Sultani, kwa sababu Usultani wa Yogyakarta una ardhi yake inayotambuliwa kisheria, zikiwemo sehemu nyingi za pwani ya kusini. Hapo ndipo utakapofurahi kumjua Pak RT: yeye anajua ndugu wangapi wana haki kwenye kile kipande, na nani bado hajaulizwa.

Hatua ya 7: Tembea kwa kalenda ya gulio

Magulio mengi ya Java hufuata juma la siku tano: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon. Kila soko lina siku yake, kwa hiyo uliza siku kabla ya kuuliza njia, uende alfajiri. Saa tatu asubuhi mbuzi wazuri wameshaondoka. Barabara ni za mkono wa kushoto kama kwetu. Ukiendesha pikipiki mwenyewe, beba leseni ya kimataifa yenye daraja la pikipiki, la sivyo bima ya safari inaweza kukataa kulipa hospitali.