Jinsi ya kupata joto la bahari ya kale kutoka tope la kilindini, ukiwa Lubumbashi

Mkemia wa Lubumbashi anayepima shaba na kobalti kutwa nzima tayari anaijua sehemu kubwa ya kazi hii. Mashine ileile ya ICP (ya kupima kiasi cha metali kwenye sampuli iliyoyeyushwa) inayotoa tenere ya kobalti, yaani kiwango chake katika mawe, ndiyo inayopima magnesi iliyomo ndani ya gamba la kiumbe kidogo kilichokufa baharini miaka 20,000 iliyopita. Kinachobaki ni kujua namba inayotoka imebeba nini na nini ndani yake, na kuvitenganisha kimoja kimoja kabla ya kutamka neno "joto".

Nawaandikia wanafunzi wa jiolojia na kemia wa hapa mjini, maana inaniuma kusikia kwamba elimu ya bahari ni ya watu wenye pwani. Maji ya mto Lubumbashi huingia Kafubu, hupita Luapula na ziwa Mweru, hufuata Luvua hadi Lualaba, mwishowe humwagika Atlantiki kule Banana. Udongo wetu umo kwenye sakafu ya bahari ile. Na vipimo vya mashapo vimewekwa wazi kwa kila mtu katika hazina ya data ya PANGAEA ya Ujerumani na ile ya NOAA ya Marekani. Faili nyingi ni jedwali la maandishi tu, hazili mega nyingi.

Hatua ya 1: Chagua nguzo ya tope

Meli hushusha bomba refu likachoma sakafu ya bahari, kisha hupandisha tope likiwa bado limepangika tabaka kwa tabaka. Hiyo ndiyo nguzo. Kwa zoezi la kwanza tafuta nguzo yenye mambo matatu: uwiano wa magnesi kwa kalisi wa *Globigerinoides ruber* (foraminifera, yaani kiumbe kidogo chenye gamba la chokaa, anayeishi maji ya juu), oksijeni-18 (oksijeni ya aina nzito) ya kiumbe hichohicho, na umri wa tabaka.

Angalia kina cha maji kabla ya kitu kingine chochote. Chini sana maji huyeyusha magamba ya chokaa. Katika Pasifiki, chini ya mita 4,500 hivi hubaki udongo mtupu. Hata kabla ya kufika huko, sehemu za gamba zenye magnesi nyingi ndizo hutangulia kuyeyuka, na gamba lililoliwa namna hiyo litakuambia bahari ilikuwa baridi kuliko ilivyokuwa kweli. Mimi huwapa wanafunzi nguzo za kati ya mita 2,000 na 3,000. Kwa mwanzo, jiepushe pia na midomo ya mito mikubwa, pamoja na huo wetu wa Kongo: chumvi ikipanda au kushuka, magnesi ya gamba nayo huguswa.

Hatua ya 2: Fungua faili bila kuiharibu

Hapa kazi nyingi huharibika kabla hazijaanza. Kompyuta zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa, zinasubiri mkato kwenye desimali, ilhali faili zinatumia nukta. Ukibofya tu faili, 3.6 inaweza kugeuka tarehe ya mwezi wa sita, au ikabaki maandishi yasiyojumlishika. Usibofye. Fungua Excel kwanza, ingiza data kupitia menyu, kisha iambie kwamba kitenga-desimali ni nukta. Ukimaliza, linganisha mistari kumi ya mwanzo na faili la asili kwa macho yako.

Hatua ya 3: Geuza sentimita kuwa miaka

Tabaka huwa na kina, halina tarehe. Kwa miaka isiyozidi 50,000 hivi umri hupatikana kwa kaboni-14 ya magamba, baada ya kuondoa umri ambao maji ya bahari yenyewe yamebeba, takriban miaka 400 kwa maji ya juu. Zaidi ya hapo, mabadiliko ya oksijeni-18 ya viumbe wa sakafuni hulinganishwa na mstari wa rejeo. Unaotumika sana ni ule wa mwaka 2005 ambao Lorraine Lisiecki na Maureen Raymo waliuunganisha kutoka nguzo 57, unaorudi nyuma miaka milioni 5.3.

Kati ya tarehe mbili, gawa sawasawa. Tuseme sentimita ya 60 ina miaka 12,000 na ya 100 ina miaka 22,000. Kila sentimita ni miaka 250, kwa hiyo sentimita ya 72 ina miaka 15,000.

Sasa tulia kidogo hapo. Minyoo na wadudu wa sakafuni huchanganya tope la juu, kwa kawaida hadi sentimita kumi hivi. Katika nguzo yetu ya mfano, sentimita kumi ni miaka 2,500. Basi ukiona ncha moja kali kwenye grafu, usikimbilie kuandika kwamba bahari ilipoa ghafla kwa miaka 300. Tope hilo haliwezi kukuonyesha jambo fupi kiasi hicho.

Hatua ya 4: Kagua usafi wa magamba

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayomfaa zaidi mtu wa labo ya madini.

Tope huchujwa kwa maji juu ya chekeche ya mikroni 63. Kinachobaki hukaushwa, kisha kwa *G. ruber* huchukuliwa magamba ya mikroni 250 hadi 355, moja baada ya jingine, kwa brashi laini chini ya hadubini. Ni subira ileile ya kuchambua maharage kwenye lungo. Magamba kama thelathini huvunjwa taratibu kati ya vioo viwili ili vyumba vyake vifunguke. Kisha huoshwa: maji safi na mtikisiko wa mawimbi ya sauti, mara kadhaa, hadi maji yasitoke tena na ukungu mweupe, methanoli, maji ya oksijeni (peroksidi ya hidrojeni) ya moto yaliyotiwa alkali, kuondoa mabaki ya uhai, na mwisho asidi ya nitriki iliyozimuliwa sana, inayogusa uso wa gamba tu.

Kwa nini kuosha kote huko? Udongo umejaa magnesi. Chembe chache zilizojificha chumbani zinaweza kupandisha joto lako kwa digrii kadhaa. Wewe unayepakua data hukuosha kitu, lakini unaweza kumkagua aliyeosha. Chora grafu ya magnesi kwa kalisi dhidi ya alumini kwa kalisi, kisha nyingine dhidi ya chuma. Nukta zikipanda pamoja, unapima udongo, hupimi bahari. Halafu tazama manganizi: ikizidi milimoli 0.1 kwa moli ya kalisi, shuku utando wa manganizi ulioota juu ya gamba tope likiwa tayari limefukiwa, nao pia hubeba magnesi. Sampuli ya namna hiyo itie rangi nyekundu kwenye jedwali, usiitumie kwenye hesabu. Usiifute, atakayekufuata ana haki ya kuiona.

Hatua ya 5: Hesabu joto

Kiumbe hiki kikijenga gamba katika maji ya moto, huingiza magnesi zaidi: kama asilimia 9 kwa kila digrii. Mlinganyo unaotumika sana kwa viumbe wa maji ya juu ni huu:

magnesi/kalisi = 0.38 × e^(0.09 × T)

T ni joto kwa digrii Selsiasi. Kwenye Excel ya Kifaransa, kama thamani iko C2, andika =LN(C2/0,38)/0,09. Kwa milimoli 4.3 kwa moli utapata digrii 27.0, kwa 3.6 utapata 25.0. Tuchukue ya kwanza kuwa tope la juu kabisa, ya pili kuwa tope la miaka 21,000, wakati barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia. Mlinganyo wenyewe una shaka ya takriban digrii moja, kwa hiyo tofauti hii ya digrii mbili iandike ukiwa na wastani wa sampuli kadhaa za kila kipindi, kamwe si moja moja.

Hatua ya 6: Tenganisha barafu na chumvi

Mwaka 1955 Cesare Emiliani alisoma oksijeni-18 ya magamba kama kipimajoto, kwa sehemu kubwa. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya badiliko lile ni barafu: maji mepesi yenye oksijeni-16 hupanda kwa mvuke na kufungwa kwenye barafu ya nchi kavu, bahari ikabaki na maji mazito. Kwa vile magnesi tayari imetupa joto, tunaweza kuligawa fungu.

oksijeni-18 ya maji = oksijeni-18 ya gamba + (T − 14.9) ÷ 4.80 + 0.27

Tope la juu: gamba −2.0, joto 27.0. Jibu ni 0.79 kwa elfu. Tope la kale: gamba −0.6, joto 25.0. Jibu ni 1.77. Tofauti ni 0.98, na tunajua kwamba barafu ya wakati ule ilipandisha bahari yote kwa takriban 1.0. Katika mfano huu basi karibu tofauti yote ni ya barafu, na chumvi ya mahali pale, ambayo hupanda na kushuka pamoja na oksijeni-18 ya maji, haikubadilika sana. Kama ungebaki na 0.5 baada ya kutoa barafu, hapo ndipo ungeanza kuzungumzia mvua, uvukizi na mito.

Hatua ya 7: Pima hewa ya kilindini

Baada ya joto, tope lenyewe linaweza kusema kama maji ya chini yalikuwa na oksijeni. Pasipo oksijeni, molibdeni na urani hutoka majini na kuzama kwenye tope, manganizi huyeyuka na kuondoka. Gawa kila metali kwa alumini ili uondoe sehemu iliyoletwa na udongo wa nchi kavu, kisha gawa kwa uwiano huohuo wa mwamba tope wa wastani. Sampuli yenye molibdeni 13 kwa milioni na alumini asilimia 4 hutoa 3.25, mwamba tope wa wastani, 1.3 kwa asilimia 8.8, hutoa 0.148. Sampuli imezidi mara 22, na hiyo ni nyingi.

Lakini molibdeni peke yake haitoshi. Oksidi za manganizi nazo huinasa, tena kwenye maji yenye oksijeni tele. Ndivyo ilivyo kwa vinundu vya manganizi vya Pasifiki, ambavyo watu wa hapa wanavifuatilia kwa sababu ya kobalti iliyomo. Molibdeni na manganizi zikiwa juu pamoja, usitangaze ukosefu wa oksijeni.

Na ninakuomba kwa dhati, mdogo wangu: usichukue jiwe la mgodini ukalipima kwa metoreksi (kifaa cha mkononi cha kupima madini) ukatumia hesabu hii. Katanga miamba mingi imepitiwa na maji ya moto yaliyoleta shaba, kobalti na urani muda mrefu baada ya tope kuwekwa. Shinkolobwe, mgodi wa urani wa hapa Katanga, inatosha kuwa ushahidi. Urani ya jiwe hilo inasimulia safari ya madini, haisimulii bahari.

Hatua ya 8: Tafuta shahidi wa pili

Rudi kwenye hazina za data utafute alkenoni za nguzo hiyohiyo au ya jirani. Ni mafuta ya mwani, na kipimo chake hufuata 0.033 × T + 0.044, hivyo 0.87 ni digrii 25.0. Karibu na digrii 28 kipimo hiki hujaa, hakipandi tena, kwa hiyo kwenye bahari ya moto sana usikitegemee. Vipimo viwili vikitofautiana kwa digrii mbili, kumbuka kwamba mwani na foraminifera huenda havikustawi msimu mmoja wala kina kimoja.

Ukiandika matokeo, weka safu hizi kwa kila sampuli: kina, umri, magnesi kwa kalisi, alumini na manganizi kwa kalisi, joto na shaka yake, oksijeni-18 ya gamba, ya maji, na iliyobaki baada ya kutoa barafu. Mlinganyo uliotumia uandike juu ya jedwali pamoja na jina la nguzo na kina cha bahari, ili mwenzako wa Likasi au Kolwezi aweze kuirudia hesabu yote kutoka mstari wa kwanza.