Taa ya tangi la matumbawe nyumbani: chagua kwa PAR, si kwa wati

Tumbawe ni mnyama, lakini sehemu kubwa ya chakula chake hutokana na mwanga. Ndani ya nyama yake huishi mwani wa chembe moja unaofanya usanisinuru na kumgawia sukari. Mwanga ukipungua mno, tumbawe hudhoofika kwa njaa kidogo kidogo. Ukizidi, mwani huo huanza kutoa kemikali zinazochoma seli, tumbawe huutema, na nyama hubaki angavu huku mifupa myeupe ikionekana chini yake. Huko ndiko kupauka. Njaa huchukua miezi. Kupauka kunaweza kuchukua siku chache tu, na mara nyingi chanzo ni taa kali iliyonunuliwa kwa kutazama wati na kuwashwa yote siku ya kwanza.

Mfano tutakaoutumia ni tangi la urefu wa sm 90, upana sm 45 na kimo sm 45, yaani takriban lita 180. Lako likiwa na vipimo vingine, hesabu ni zilezile.

Hatua ya 1: Taja matumbawe kabla ya taa

Mwanga wa matumbawe hupimwa kwa PAR, yaani kiasi cha mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700 unaofika kwenye mita moja ya mraba kila sekunde, kwa maikromoli. Jua la saa sita mchana pwani hukaribia 2,000 juu ya maji. Usiifukuzie namba hiyo. Nyumbani hata robo yake haihitajiki:

- Uyoga wa baharini, kama Discosoma na Rhodactis: 30 hadi 80
- Matumbawe laini (yasiyo na mifupa migumu) na zoanthidi, jamaa zao wadogo wanaokaa kwa vikundi: 75 hadi 150
- Matumbawe magumu yenye polipi (vijinyama vyenye mdomo na mikono) kubwa, kama Euphyllia: 80 hadi 150
- Montipora, tumbawe gumu lenye polipi ndogo: 150 hadi 250
- Acropora, tumbawe gumu la matawi lenye polipi ndogo: 200 hadi 350

Anayeanza achague kutoka mistari mitatu ya kwanza. Acropora inataka tangi lililokwisha kutulia, na taa peke yake haiwezi kufidia maji yanayoyumba.

Na nunua yenye karatasi. Matumbawe magumu yaliyotajwa hapo juu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo kipande kinachovuka mpaka lazima kiwe na kibali. Kwenda kuvunja tawi mwambani tusikufikirie kabisa. Miamba ya Kenya na Tanzania ilipauka vibaya mwaka 1998 kwa joto la bahari, na kila tawi lililosalia lina kazi yake kulekule.

Hatua ya 2: Hesabu eneo, kisha nguvu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Taa moja yenye nguvu ikiwekwa katikati ya tangi la sm 90 itatoa PAR kubwa mno chini yake na kuacha pembe zikiwa gizani. Ukiongeza nguvu ili pembe zipate, katikati panaungua. Zaidi ya hayo, mwanga unaotoka sehemu moja huweka kivuli kikali: tawi la juu hulinyima la chini, na upande wa chini wa tumbawe hufa huku wa juu ukipendeza.

Taa ndogo ya LED yenye lenzi pana hufunika vizuri eneo la takriban sm 60 kwa 60 kwa matumbawe laini, na karibu sm 45 kwa 45 kwa Acropora. Kwa tangi letu tunaweka mbili, za wati 50 hadi 60 kila moja. Gawanya urefu mara mbili, kisha weka kila taa katikati ya nusu yake: sm 22.5 kutoka kila ukuta wa kando, na sm 45 kati ya taa na taa. Tangi la sm 60 kwa 45 linatosheka na moja. Tangi lenye kina kinachozidi sm 60 linahitaji lenzi nyembamba zaidi, la sivyo mwanga mwingi utaishia kwenye kioo kabla ya kufika chini.

Hatua ya 3: LED au mirija ya T5

Mirija ya T5, yaani mirija myembamba ya floresenti, bado ni taa nzuri sana. Husambaza mwanga sawasawa na haina vivuli vikali. Tangi letu lingetumia mirija minne ya wati 39, kila mmoja urefu wa sm 85, jumla wati 156. Shida ni kwamba mirija hubadilishwa kila miezi 9 hadi 12, kwa sababu hufifia na rangi yake huhama kabla jicho halijagundua. Kama mirija yenye rangi inayofaa matumbawe haipatikani mjini kwako mpaka iagizwe nje, chagua LED.

Kabla ya kulipia LED kagua haya. Volteji iwe 100 hadi 240, ili ikubali umeme wetu wa 230. Bluu na nyeupe ziwe na chaneli tofauti, na kila chaneli ipunguzwe kidogo kidogo badala ya kuwaka na kuzima tu. Feni iwe ya kubadilishika, maana hewa ya chumvi huiua mapema. Saa ya ndani iwe na betri yake. Bila hiyo, umeme ukikatika na kurudi, taa huanza ratiba upya na matumbawe hupata mchana usiku wa manane. Mwisho, tafuta wati zinazovutwa kwenye soketi. Wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za daiodi zikisukumwa hadi mwisho, na taa haifiki huko.

Gharama: wati 110 kwa saa 10 ni yuniti 1.1 kwa siku zikiwa kwenye nguvu yote. Kwa kuwa utaziendesha chini ya hapo, mita itasoma pungufu.

Hatua ya 4: Bluu itawale

Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu katika mita chache za juu, na kinachofika kina kirefu ni bluu. Mwani wa matumbawe umezoea hivyo. Anza na bluu ya nanomita 445 hadi 460 ikiwa juu, zambarau ikiikaribia, nyeupe kati ya asilimia 15 na 30, nyekundu na kijani chini ya 5.

Tangi litaonekana la giza. Hapo ndipo watu hupandisha nyeupe ili wafurahishe macho, na PAR hupanda bila wao kujua. Jicho la binadamu huona bluu kwa udhaifu mkubwa; tumbawe lenyewe linaitumia vizuri.

Hatua ya 5: Ning'iniza

Sm 20 hadi 25 juu ya maji zinatosha kwa taa nyingi za LED. Kushusha zaidi hupunguza eneo na kuleta chumvi kwenye lenzi. Tumia waya wa chuma cha pua au mkono imara, usitegemee kifuniko cha kioo. Kifuniko kizuri ni wavu mwembamba: samaki hawaruki nje, joto linatoka, na hakuna ukoko wa chumvi wa kuziba mwanga.

Waya wa umeme uteremke chini ya kiwango cha soketi kisha upande, ili tone la maji lidondoke pale kwenye kona badala ya kuingia kwenye plagi. Transfoma ya taa ikae mbali na tangi la chini la uchujaji. Mfumo mzima upite kwenye swichi ya kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampea 30. Hili halina mjadala: mikono yako itakuwa ndani ya maji ya chumvi kila wiki.

Hatua ya 6: Pima ndani ya maji

Programu za simu za kupima lukisi (mwanga kama jicho linavyouona) hazifai hapa. Zimetengenezwa kufuata jicho, kwa hiyo zinaidharau bluu. Azima au kodi kipima-PAR cha majini. Wafugaji watatu wanne wanaweza kuchanga wakanunua kimoja, kwani kila mmoja anakihitaji mara chache kwa mwaka. Kwa Apogee MQ-500, namba iliyosomwa ndani ya maji izidishwe kwa 1.32. MQ-510 hujirekebisha yenyewe.

Pima nukta 15: tano kutoka kushoto hadi kulia, kwa vina vitatu, yaani juu ya mwamba, katikati na mchangani. Kihisi kitazame juu, kikae wima. Acha pampu zikifanya kazi kama kawaida. Viwimbi vya juu hukusanya mwanga na kufanya namba irukeruke, kwa hiyo subiri sekunde 15 na uandike wastani. Kwa tangi la mchanganyiko, lenga takriban 180 juu, 120 katikati na 60 mchangani. Chora namba hizo kwenye karatasi ya tangi lako, ndiyo itakayokuambia kila kipande kikae wapi.

Hatua ya 7: Ratiba na kupandisha

Saa 10 kwa siku: mbili za kupanda, sita za nguvu kamili, mbili za kushuka. Mahali penye joto kama Mombasa au Dar es Salaam, anza saa sita mchana na umalize saa nne usiku, ili sehemu ya nguvu kamili ipitilize hadi jioni chumba kinapopoa. Maji yakivuka nyuzi 29, mwanga uleule uliokuwa salama huanza kupausha.

Weka nguvu kwenye asilimia 40 ya kile ulichopima kuwa lengo, kisha ongeza pointi 5 kila wiki. Kipande kipya kianzie mchangani kwa wiki mbili. Umeme ukikatika siku nzima matumbawe hayadhuriki na giza. Hofu ni oksijeni, basi betri iende kwenye pampu kwanza.

Hatua ya 8: Soma dalili

Zoanthidi zikirefusha shina na kuinama kuelekea taa, mwanga ni mdogo. Tumbawe gumu likigeuka kahawia, huenda ni hivyohivyo, limeongeza mwani ili likamate kidogo kilichopo. Upande wa juu ukififia huku kivulini rangi ikibaki, mwanga umezidi: lishushe leo, usingoje wiki. Likififia pande zote kwa pamoja, usiguse taa kwanza. Pima naitreti na fosfeti, maana maji yaliyosafishwa mno hupausha pia. Naitreti 5 hadi 10 na fosfeti 0.03 hadi 0.1, miligramu kwa lita, zinafaa.

Badilisha kitu kimoja, ngoja wiki mbili.

Utunzaji

Kila wiki futa lenzi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi, taa ikiwa imezimwa na kupoa. Usipofanya hivyo, ukungu wa chumvi hukata mwanga polepole. Siku ukiusafisha, tumbawe hupata mwanga mwingi kwa mshtuko. Mirija ya T5 ina hatari hiyohiyo: badilisha mmoja kwa wiki, usibadilishe yote minne siku moja.