Herufi "a" moja inavyobadili barua nzima

Ukiandika barua ya kazi au ya mkopo kwa Kiingereza, kabla hujachapa tafuta neno "few" na "little", uone kama limetanguliwa na "a".

Juzi kwenye steshenari moja karibu na Jamatini, hapa Dodoma, kijana alikuwa anachapa ombi la mkopo wa biashara ya zabibu. Kaandika: "I have few customers." Alikusudia kusema wateja kadhaa anao, ameshaanza. Msomaji atakachoelewa ni kwamba wateja hana wa kutosha, biashara inasuasua. Nani atamkopesha? Tukaongeza "a" tu, ikawa "I have a few customers", na maana yake ikarudi. "Little experience" na "a little experience" ni hivyo hivyo.

Kiswahili hakina vineno hivi, ndiyo maana tunavipita bila kuviona. Lakini tofauti yenyewe tunaijua vizuri: "wateja wangu ni wachache" si "nina wateja kadhaa". Jiulize kwanza kwa Kiswahili unataka kusema lipi, ndipo uandike.

Na "the" nayo uiangalie. Kwa Kiingereza cha Uingereza, "he is in hospital" maana yake amelazwa; "he is in the hospital" yumo ndani ya jengo, pengine kampelekea mgonjwa uji. Wamarekani husema "in the hospital" hata kwa aliyelazwa, kwa hiyo angalia pia unamwandikia nani.