Somo: Kujenga FreeBSD kutoka msimbo chanzo bila kujifungia nje

FreeBSD ni mfumo endeshi wa kompyuta. Kama unatumia kerneli (kiini cha mfumo) ya GENERIC, ile inayokuja na mfumo, na hujagusa msimbo, ishia hapa, freebsd-update, amri ya kusasisha bila kujenga, inakutosha. Somo hili ni la wenye viraka vyao (mabadiliko yao kwenye msimbo) na wanaofuata tawi la stable, yaani mkondo wa msimbo unaoendelea kuboreshwa kati ya matoleo.

Kwanza chukua msimbo. Src, yaani hazina ya msimbo wa FreeBSD, ilihamia Git mwishoni mwa 2020, kwa hiyo ukikuta maelekezo ya svn au csup, zana za zamani za kuuvuta, yapite.

git clone -b stable/14 https://git.FreeBSD.org/src.git /usr/src

Safari nyingine: git -C /usr/src pull --ff-only

Kisha soma /usr/src/UPDATING, faili la tahadhari za kusasisha. Najua utataka kuiruka.

Sasa jenga programu za mfumo (world) na kerneli; -j4 ni kazi nne kwa wakati mmoja:

cd /usr/src
make -j4 buildworld && make -j4 buildkernel

Hapa nenda kapike ugali, maana kinachojengwa ni pamoja na kompaila yenyewe, ile programu inayogeuza msimbo kuwa programu.

Kama diski inatumia mfumo wa faili wa ZFS, kabla ya kusakinisha hifadhi hali ya sasa kama mazingira ya kuwashia, hapa nimeyaita "kabla", kwa amri: bectl create kabla Mimi umeme uliwahi kukatika katikati ya installworld (kusakinisha programu za mfumo), nikabaki na mfumo nusu mpya nusu wa zamani. Kwenye menyu ya kuwashia nilichagua mazingira ya zamani, mashine ikaamka kama hakuna kilichotokea.

make installkernel
shutdown -r now

Wengi hukosea mpangilio hapa. Kerneli hutangulia kwa sababu kerneli mpya huzielewa programu za zamani, lakini programu mpya zinaweza kuomba huduma ambayo kerneli ya zamani haina. Ukigeuza, hata sh, programu ya kupokea amri, inaweza kugoma.

Ikiwaka vizuri, sakinisha programu za mfumo; etcupdate husasisha faili za mipangilio za /etc:

etcupdate -p
make installworld
etcupdate -B
shutdown -r now

Mabadiliko yakigongana na faili zako za /etc, tumia etcupdate resolve. Mwisho make delete-old, kufuta faili zisizotumika tena.

MASWALI

Mkuu, bando langu dogo. Lazima nivute historia yote?

Hapana. Ongeza --depth 1 kwenye clone, utapata hali ya sasa tu bila kumbukumbu za tangu miaka ya 1990.

Nina kompyuta ya RAM GB 2, kujenga kunakufa njiani.

Shusha hadi -j1 na uongeze swap, sehemu ya diski inayosaidia RAM. Kama una mashine yenye nguvu, jenga huko, shiriki /usr/src na /usr/obj (matokeo ya kujenga) kwa NFS, njia ya kushiriki faili kwenye mtandao, halafu kwenye ile ndogo fanya kusakinisha tu.

Kaka, kerneli mpya imegoma kuwaka!

Usifute kitu. Ile ya zamani ipo /boot/kernel.old, simamisha menyu, nenda kwenye kidokezo cha kipakizi (programu inayopakia kerneli mashine ikiwaka), andika boot kernel.old.

Na make delete-old-libs, ile ya kufuta maktaba za zamani, je?

Subiri. Jenga upya kwanza vifurushi vinavyotegemea maktaba za zamani. Ukizifuta mapema, programu zinazozitegemea hazitafunguka.