Ukitaka wafanyikazi wako washike kazi kama yao

Kama una gesti Shela ama mkahawa hapo Lamu mjini na unaona kazi inakwenda pole pole, usianze na hotuba, anza na mshahara. Mtu hajalipwa miezi miwili, akili yake iko kwa karo na deni la dukani, hata umweleze malengo yako mpaka alfajiri hakusikii. Tarehe ikifika lipa. Na ikiwa loo sizoni imebana, maanake mwezi wa nne mpaka wa sita ni mvua na wageni hakuna, waambie mapema na uwaonyeshe hesabu, wakijua ukweli watakuvumilia lakini ukiwaficha watasema wewe unakula peke yako.

Halafu keti nao. Baada ya laasiri, barazani, gahawa iweko, si lazima iwe mkutano wa karatasi. Uliza swali moja tu: nini kinakukwamisha kazini? Na wa mwanzo kusema awe mdogo wao, kwa sababu meneja akishasema, wengine wote wataitikia tu "sawa bosi". Yule dada anayesafisha rumu ndiye anajua bomba gani linavuja usiku kucha, na hapa Lamu maji matamu yanatoka kwa vile vilima vya mchanga vya Shela, si kitu cha kumwaga. Kisha mpe na ruhusa: aite fundi mwenyewe, mpaka kiasi fulani cha pesa, bila kukupigia simu. Kiwandani kwa Toyota mfanyikazi wa kawaida anaweza kuvuta kamba ama kubonyeza kitufe laini nzima ya kuunda magari isimame akiona kasoro, sasa wewe gesti ya rumu sita unaogopa nini?

Hili lingine wengi wanalipuuza na mimi naona ndilo kubwa. Mtu aone kazi yake inamfikia nani. Mwaka 2007 Adam Grant, mtaalamu wa saikolojia ya kazi, na wenzake walitoa utafiti wa chuo kimoja Marekani, wafanyikazi wa kupiga simu kuchangisha pesa walikutana dakika chache na mwanafunzi aliyesomeshwa na pesa hizo, mwezi mmoja baadaye walikuwa wanakusanya zaidi ya mara mbili, na mshahara haukuongezwa. Basi mpishi wako anayeshinda jikoni na moshi mtoe, akae na wageni waliomaliza samaki wake wa kupaka, wamwambie wenyewe. Mgeni akiandika sifa za mashuka safi, msomee anayefua, usimsomee risepsheni peke yake kama kawaida yetu.

Baraza lenyewe lifanye kila wiki, siku ile ile, ila Ijumaa mchana waachie watu swala yao. Na lile uliloahidi liandike ukutani jikoni, wiki ijayo liwe la kwanza kuulizwa, kama halijafanyika sema kwa nini na lini litafanyika.